Vua Pete Kwanza

Ukija kuomba kazi kwetu, cheti kiache nyumbani. Nyoosha mikono. Nitakagua vidole vyako kama mama mkwe anavyokagua sufuria za bibi harusi, na nikiona pete nitakwambia uivue kabla hata hatujasalimiana vizuri. Wengi hununa. Mwalimu mmoja wa kwaya aliniambia pete yake imebarikiwa na mchungaji. Nikamwambia mashine yetu haijabatizwa, kwa hiyo haitajua tofauti.

Kwetu ni chumba kirefu chenye bati linalovuja pembeni, karibu kabisa na foleni ya malori ya Tunduma. Kulia tuna stesheneri yenye kompyuta. Kushoto tuna stesheneri yenye kompyuta na feni. Katikati tupo sisi na mashine ya chuma ya kukanyaga kwa mguu, inayochapa kwa herufi za risasi zilizopangwa kwa mkono, moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Watu huchungulia wakidhani ni makumbusho. Lakini umeme ukikatika, na huku hukatika bila kuaga, majirani hutoka nje kucheza drafti, sisi tunakanyaga. Tunatia namba kwenye vitabu vya delivari vya madereva, tunatoboa mistari ya kuchania, na tunachapa kadi za michango ya harusi, ambazo sidhani kama zitakwisha kabla ya Yesu kurudi.

Aliyenifundisha ndiye aliyekuwa mwenye mashine, mzee wa Kigoma aliyekuja Tunduma kuuza mawese akaishia kununua chuma hiki kwenye misheni moja iliyokuwa imekichoka. Alitangulia mbele ya haki msimu wa mahindi uliopita, Mungu amrehemu, kwa hiyo sasa naweza kusema ukweli wake bila kurushiwa rola ya wino. Mimi nilimwita Mzee. Yeye aliniita mama, na siku nikikosea aliniita mama wa wengine.

Basi tuanze. Herufi hukaa kwenye droo pana yenye visanduku vingi, kila herufi na nyumba yake. Zimepinduka kama unavyojiona kwenye kioo, na utazisoma miguu juu. Usiogope. Baada ya miezi michache utaanza kusoma hata vibao vya barabarani hivyo hivyo, na mumeo atakuuliza unapinda shingo kwa nini. Kosa ambalo kila mgeni hulifanya ni kutaka kuichomoa droo kwa mkono mmoja ili aonekane ana nguvu. Ukiiangusha, siku hiyo nzima utakuwa sakafuni ukiokota alfabeti, na hakuna atakayekusaidia. Sisi tutakuwa tunakunywa chai tukikuhesabia.

Pili, ujue kwamba herufi hizi zilitengenezwa kwa ajili ya Kiingereza, lugha inayotafuna e. Kiswahili kinakula a kama sisi tunavyokula ugali. Ukipanga maneno ya kawaida tu, karibuni sana katika hafla ya kumuaga binti yetu mpendwa, kisanduku cha a kimebaki vumbi, na bado hujafika kwa bwana harusi. Hapo unafanya tulichokuwa tukifanya: unampunguza mteja. Alikuja mtumishi mmoja wa Mungu aliyetaka kadi za mkutano wa injili, na kabla ya jina lake alikuwa na vyeo vinavyojaza mstari na nusu. Nilimwambia, Baba, a zimekwisha, chagua kimoja, nabii au mtume. Alisali kidogo, akachagua mtume. Mzee alicheka hadi akatoka nje.

Na visanduku vya q ndogo na x ndogo je? Kiswahili hakina kazi navyo, na Kiingereza cha malori tunakichapa kwa herufi kubwa tupu. Kwa hiyo vilikuwa kabati. Kwenye q tuliweka majani ya chai yaliyofungwa kwenye karatasi, sindano, na laini za simu ambazo wenyewe tulishazisahau. Kwenye x, Mzee alisema kuna sumu ya panya, nisiguse. Sikugusa. Panya nao hawakupungua.

Tatu, mikono. Risasi si chumvi. Ukitoka kwenye droo nawa kwa mafuta ya taa, halafu majivu, halafu sabuni ya mche, ndipo uguse ugali, hata kama kachumbari inakuita kwa jina. Kitenge ukifunge kiunoni, ncha isining'inie. Nywele ndani ya kilemba. Tai usivae; mwenye tai kwenye mashine hii ameshajifunga kamba mwenyewe.

Nne ndiyo kubwa. Mashine ina mdomo. Unakanyaga, mdomo unafunguka, mkono wa kulia unaweka karatasi, mdomo unafunga, unachapa, unafunguka, mkono wa kushoto unatoa. Ukishazoea ni ngoma, na kiuno chenyewe kitajua. Lakini karatasi ikienda upande, usiifuate. Utatamani sana. Utasema ngoja niinyooshe kidogo tu, kwa ncha ya kidole. Mzee alikuwa akipiga kelele kutoka upande wa pili wa chumba, hata akiwa amenipa mgongo: "Ikienda imeenda!" Karatasi ni karatasi. Mti mwingine utaota.

Mzee mwenyewe hakuwa na kidole cha pete cha mkono wa kulia. Kilikuwa kimekatika kwenye shina kabisa, pamebaki nundu inayong'aa. Wateja waliuliza, na yeye alikuwa na jibu la kila mtu. Wachungaji aliwaambia ni mlango wa basi. Madereva aliwaambia ni feni ya injini ya lori, Mlowo, siku ya mvua. Mama mmoja wa Kizambia aliyekuja kuchapisha kadi za saluni aliambiwa ni mke wa kwanza, aliking'ata. Lakini aliyempenda alimpa mamba. Mamba wa Ziwa Rukwa, alfajiri, Mzee yuko ukingoni ananawa kwa ajili ya swala, ghafla maji yanasimama. Alikuwa akisimulia akiwa amesimama, na pale mamba anapofunga mdomo alipiga kofi kwenye meza hadi herufi zinaruka.

Mume wangu alipewa mamba siku ya kwanza tu.

Mume wangu ni mchimbaji wa dhahabu, machimbo madogo ya upande wa Mkwajuni. Ukisikia mchimbaji wa dhahabu usifikirie nyumba ya ghorofa. Fikiria mtu mwenye vumbi masikioni na matumaini yasiyo na aibu. Katika miaka yote ya mashimo amepata dhahabu ya maana mara moja, na watu wote wenye akili walimshauri anunue pikipiki. Akaenda kwa sonara akanitengenezea pete. Mama yake hakusema na mtu siku nzima. Mimi nililia, halafu nikamwita mjinga, halafu nikalia tena. Kwa hiyo unaelewa ile haikuwa pete ya dukani. Ilikuwa ushahidi wake kwamba hakuwa anachimba hewa.

Na kila asubuhi, nikifika kazini, niliivua nikaiweka kwenye q, juu ya majani ya chai.

Yeye alikuwa akija Tunduma akipata nafasi, na aliponipitia kazini jioni nilikuwa nimeshaivaa, kwa hiyo hakujua. Sikumficha. Haikuwahi tu kuwa mazungumzo, kama vile mtu asivyomweleza mumewe kwamba akioga huvua viatu.

Aliyeifanya iwe mazungumzo ni wifi yangu, dada yake mkubwa, mnunuzi wa mazao pale Mlowo. Mwanamke huyo anaweza kukadiria gunia la mahindi kwa kulitazama, na mtu vilevile. Alikuja Tunduma kufuata mzigo wake, akasema apite kumsalimia wifi. Wakati huohuo yupo dereva mmoja wa Kizambia, mteja wetu wa vitabu vya delivari, mtu wa mikate. Kila akivuka mpaka alituletea mkate mkubwa. Akaingia nao mkononi, akapaza sauti kwa salamu ya kwao kama kawaida yake, "Mulishani, bamayo!" Nikamwitikia nikicheka, mkate nikaupokea.

Wifi alitazama mkate. Akamtazama dereva. Halafu macho yakashuka kwenye mkono wangu, yakakaa hapo.

"Chanda chema huvikwa pete," alisema taratibu. "Hiki chako kimekuwaje, wifi? Kimeharibika?"

"Nipo kazini, wifi. Naivua nikichapa."

"Ehee. Unaivua."

Hakukaa hata kunywa chai. Aliyeitunga methali ile, Mungu amsamehe, hakuwahi kulisha mashine karatasi. Lakini hilo utamweleza nani? Kabla wifi hajafika Mlowo, ujumbe wake wa sauti ulikuwa umeshaingia kwenye kundi la simu la familia yao, lile ambalo sisi wakwe hatumo. Mke wa shemeji yangu alinisimulia baadaye: nimevua pete, nimepata Mzambia, nalishwa mikate. Machimboni mtandao hushikika ukipanda juu ya kichuguu. Siku hiyo, kwa bahati yangu, mume wangu alikuwa amepanda.

Alifika kesho yake mchana, amekuja kwa pikipiki ya watu njia nzima, mweupe kwa vumbi kuanzia kope. Mimi nilikuwa kwenye mashine, tuna kadi za michango za harusi ya Jumamosi. Mzee alikuwa kwenye droo akirudisha herufi nyumbani kwake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mkwe wangu! Mamba hajambo huko?"

Hakucheka. Nikajua. Kila siku alikuwa akicheka.

"Mama watoto," aliniambia, "nionyeshe mkono."

Nikasimamisha mguu, nikamwonyesha. Akaniuliza pete iko wapi. Nikaenda kwenye droo nikamwonyesha: ile pale, kwenye kisanduku cha q, imelala salama, imeshikwa na vipande vya majani ya chai vilivyovuja kwenye karatasi.

Aliitazama muda mrefu. "Dhahabu yangu," alisema, "unaiweka na majani ya chai."

"Nikiwa kazini siivai. Ni mashine, baba. Ni sheria ya kazi."

"Sheria ya nani? Mke wa mtu anavua pete mbele ya madereva, halafu ni sheria?" Sauti yake haikupanda, na hiyo ndiyo mbaya zaidi kwake. "Ivae. Uivae, ufanye kazi nione. Kama huwezi kufanya kazi umeivaa, basi kazi yenyewe si ya mke wangu. Tutakwenda kwa mama leo hii, kijijini Ruanda, huko huko Mbozi, ukamsaidie kwenye kahawa."

Nitasema wazi nilivyojisikia, maana wanawake tumefundishwa kusema tulisikitika. Sikusikitika. Nilipandwa na hasira hadi masikio yakawa moto. Nilikuwa nimekulia kwenye kahawa ya Mbozi, nimeichuma nikiwa mgongoni na nikiwa na mtu mgongoni. Hapa, katika chumba hiki kinachovuja, ndipo mahali pa kwanza nilipopata kitu ninachokijua kuliko shemeji zangu wote. Kumpoteza mume kwa ajili ya mkate nisingeweza. Kurudi chini ya jicho la mama mkwe nisingeweza pia. Na nikiwa na hasira huwa sina akili. Hilo nalo ni ushauri wa kazi, liandike.

Nikaichukua pete, nikaipuliza majani, nikaivaa. "Haya, tazama!" Nikasimama kwenye mashine, nikatia mguu, gurudumu likaanza kuzunguka. Mdomo ukafunguka. Nikachukua kadi.

Gurudumu likasimama.

Mzee alikuwa amekuja bila viatu vyake kusikika, akaliegemea kwa kiganja chake chote, kile chenye nundu. Hakunitazama. Alimtazama mume wangu.

"Mkwe," alisema. "Yule mamba hakuwepo."

"Mamba gani?"

"Wangu. Wa Rukwa. Hakuwepo."

Inabidi uelewe kwamba mume wangu alikuwa ameshamsimulia mamba yule kwa machimbo mazima. Alimwongezea na meno. Kule shimoni wakichoka waliomba, hebu tupe mamba wa Tunduma. Alimtazama Mzee kana kwamba ameambiwa Mkwajuni nayo haipo.

Mzee akavuta droo, akatia vidole kwenye kisanduku cha x, kwenye sumu ya panya. Akatoa pete ya fedha. Ilikuwa imebonyezwa ikawa kama herufi iliyoangushwa, upande mmoja umechanika. Akaiweka kwenye meza ya chuma, katikati yetu.

"Mke wangu alinipa siku ya nikahi," alisema. "Nilipoanza kazi hii waliniambia niivue. Yeye akakataa. Alisema mwanamume akivua pete, amevua ndoa. Nikamsikiliza. Nilikuwa nampenda, na sikutaka maneno nyumbani." Akakigusa kidole cha chuma cha mashine, kimojawapo cha vile vyembamba vinavyoishika karatasi. "Ilinasa hapa. Nikavuta mkono, mkono haukuja. Mdomo ukaja."

Nje lori lilipiga honi ndefu. Mzee akaisubiri imalize.

"Hospitali watu walikuja kunipa pole, na kila mmoja anauliza ilikuwaje. Mke wangu amekaa miguuni pangu, ameinamisha kichwa, hali, hanywi. Akaja jirani yetu mmoja, mwanamke wa maneno, kama huyo dada yako. Akauliza. Nikamtazama mke wangu alivyokaa pale, nikasema, mamba." Akatabasamu kidogo kwa upande mmoja. "Sijawahi hata kuliona Ziwa Rukwa. Lakini mke wangu aliinua kichwa. Tangu siku ile sikuwahi kusema tena ukweli kwa mtu. Mlango wa basi, feni, vyovyote. Alizeeka nami, akafa akiwa mke wangu, na hakuna binadamu aliyewahi kumwambia, wewe ndiye uliyemkata mumeo kidole."

Mimi nilikuwa nimefanya naye kazi miaka, nimecheka kwenye kila kofi la mamba. Nilitamani kumshika mkono nikaona haya, maana wangu ulikuwa na wino.

Mume wangu aliiokota ile pete ya fedha. Wachimbaji wana tabia ya kupima kitu kiganjani, na yeye aliipima, akaigeuza, akapitisha kidole gumba pale ilipochanika. Akairudisha kwa Mzee kwa mikono miwili. Kisha akaja kwangu, akaushika mkono wangu, akaanza yeye mwenyewe kuivua pete yangu. Ilikwama kwenye kifundo kwa sababu ya joto. Akachovya kidole kwenye kopo la mafuta ya mashine, akapaka pole pole kuzunguka, kama alivyofanya sonara siku ile ya kuipima, mpaka ikatoka. Akaenda kwenye droo. Akayatoa majani ya chai kwenye q, akayatia mfukoni mwake, ndipo akailaza pete peke yake akasukuma droo.

Alisimama hapo akiwa ametupa mgongo. Nilidhani anakwenda kuniomba radhi, na nilikuwa nimeshaandaa sura. Hakuniomba. Aligeuka, akajifuta pua kwa kiwiko chenye vumbi, akamwuliza Mzee.

"Yule mamba. Kule nimewaambia alikuwa mkubwa. Mkubwa kiasi gani hasa, ili tusipishane?"

Mzee akamtazama. Kisha akaitanua mikono yote miwili kadiri ilivyoweza kufika, vidole vyote tisa vimenyooka.